Senti 25 za Jesse Knight

Jina la Jesse Knight limeandikwa kwenye majengo ya Provo, katika jimbo la Utah, Marekani. Chuo Kikuu cha Brigham Young kina jengo linaloitwa kwa jina lake, na nyumba aliyoijenga mwaka 1905 ingali imesimama katikati ya mji. Kila anapotajwa, hutajwa kama tajiri wa madini ya fedha aliyelipa kanisa lake, la Wamormoni, na shule yake bila kusitasita. Ni kweli alifanya hivyo. Ila mimi naamini ukarimu wa mwenye mgodi hupimwa kwanza kwenye daftari la mishahara. Pesa anayoitoa sadaka imechimbwa na mikono ya watu wengine, na kabla hatujamshukuru kwa alichokipeleka madhabahuni tuna haki ya kuuliza wale wengine walibaki na nini.

Kwa bahati, kwa Knight swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ndilo linalonifanya nimheshimu na wakati huohuo nimdai.

Ukoo aliotoka ulizoea kutoa tangu ulipokuwa hauna kitu. Babu yake, Joseph Knight, alikuwa mkulima na mwenye kinu katika jimbo la New York. Mwaka 1829, Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni, alipokuwa akiandaa Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa hilo, mzee huyo ndiye aliyempelekea chakula na karatasi za kuandikia ili kazi isikwame. Mwaka 1831 jamaa hao na majirani zao wa Colesville walihamia Thompson, Ohio, wakajaribu kuishi kile ambacho Wamormoni huita sheria ya kuweka wakfu: unakabidhi mali yako kwa kanisa, kisha unarudishiwa sehemu uisimamie kwa niaba ya Mungu na jirani. Jaribio lile halikudumu hata mwaka. Mtu aliyewapa ardhi alibadili nia, wakafukuzwa. Wakaenda Missouri, wakafukuzwa tena mwaka 1833. Wakajenga Nauvoo, Illinois, na huko ndiko Jesse alikozaliwa tarehe 6 Septemba 1845, miezi michache kabla Nauvoo nayo haijahamwa.

Baba yake, Newel, alifia njiani Januari 1847, kwenye kambi ya majira ya baridi huko Nebraska. Alimwacha mkewe Lydia na watoto na mimba ya mwingine. Jesse hakuwa na umri wa miaka miwili. Mama huyo alifika bonde la Salt Lake mwaka 1850, na utoto wa Jesse ukapita katika kuchimba mizizi ya porini kwa ajili ya chakula. Miaka mingi baadaye, mwaka 1908, alijenga mnara wa kumbukumbu kule alikozikwa baba yake.

Hayo nayasema kwa sababu simulizi nyingi za Knight huanzia pale alipogundua madini, kana kwamba moyo wake ulishuka pamoja na utajiri. Wazo la kwamba mali ni amana alilikuta nyumbani. Kwa muda alilitupa. Alipokuwa mfugaji huko Payson, na mke wake Amanda akiendelea kusali, yeye alijitenga na kanisa kwa miaka mingi. Kilichomrudisha kilikuwa msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1880 panya alifia kisimani, maji yakawa sumu, watoto wakaugua. Binti mmoja, Jennie, alipona baada ya wazee wa kanisa kumwombea. Minnie, mkubwa wao, alifariki. Knight aliamini kwamba alikuwa amevunja ahadi aliyompa Mungu Minnie alipougua akiwa mtoto mchanga. Msomaji anaweza kuwa na mawazo yake juu ya imani ya namna hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba mwanamume yule hakurudi kanisani kwa sababu alitajirika. Alirudi akiwa na kaburi la mtoto na ranchi isiyo na mbele wala nyuma, kisha akapiga hesabu ya fungu la kumi ambalo hakulilipa miaka yote ile, akalilipa pamoja na riba.

Utajiri ulikuja mwaka 1896. Wilaya ya madini ya Tintic, kusini magharibi ya Provo, ilikuwa imefunguliwa tangu 1869, na Wamormoni wengi walikuwa wameikalia mbali. Brigham Young, kiongozi wa kanisa baada ya Smith, aliwahimiza watu wake walime, wachimbe makaa ya mawe na chuma, waachane na homa ya dhahabu na madini ya fedha, maana aliona miji ya wachimbaji inavyoanza na inavyoishia. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya madini ya thamani ya Utah iliangukia mikononi mwa wasio Wamormoni. Knight alisimulia kwamba alipokuwa amepumzika chini ya mti kwenye mlima Godiva alisikia sauti ikimwambia kuwa nchi hii ipo kwa ajili ya Wamormoni. Nitairudia sentensi hiyo, kwa sababu ndani yake mna wema wake wote na mpaka wa wema huo.

Alimwendea mzoefu mmoja wa migodi, Jared Roundy, akamwomba waingie pamoja. Roundy alikataa, akasema hataki hisa katika ulaghai wa namna hiyo. Knight akaupa mgodi jina hilohilo la dharau, Humbug, akaweka ranchi yake rehani, akaingia mwambani na mwanawe William. Kabla hawajakuta kitu alimwambia kijana kuwa watapata pesa nyingi, na kwamba siku moja wataliokoa kanisa lisiaibike kwa madeni. Katikati ya mwaka ule walikuta mawe yenye madini ya fedha na ya risasi. Baada ya Humbug ikaja mingine: Uncle Sam, Beck Tunnel, Iron Blossom. Wafanyakazi wakamwita Mjomba Jesse.

Sasa tuje kwenye senti 25.

Migodi ya Tintic ilifanya kazi siku saba. Mchimbaji aliyetaka kupumzika Jumapili alipoteza ujira wa siku hiyo, na mara nyingi alipoteza na kazi yenyewe. Knight alifunga migodi yake Jumapili. Angeweza kuishia hapo, akaitwa mcha Mungu, na wafanyakazi wakalipia ucha Mungu wake kwa mfuko wao. Badala yake aliongeza senti 25 kwa kila siku ya kazi, kutoka dola 2.50 zilizokuwa zikilipwa hapo Tintic hadi dola 2.75, ili siku sita zikaribie kipato cha saba.

Piga hesabu. Siku saba kwa dola 2.50 ni dola 17.50. Siku sita kwa 2.75 ni dola 16.50. Kwa hiyo mchimbaji wa Knight alikuwa nyuma ya mwenzake kwa dola moja kwa wiki, na amepata siku nzima ya kulala, kukaa na wanawe, au kwenda ibadani. Wasimulizi wenye mapenzi husema siku sita zililingana na saba. Hazikulingana kamili, na sioni sababu ya kuficha hilo, kwa kuwa kilichobaki bado ni kikubwa: mwajiri ambaye hajalazimishwa na sheria wala mgomo anabeba mwenyewe sehemu kubwa ya gharama ya dini yake.

Kisha kuna jambo jingine ambalo wasifu wake hulipita haraka. Dola 2.50 zenyewe zilitoka wapi? Hadi mwanzoni mwa 1893 mchimbaji wa Eureka, mji mkuu wa Tintic, alilipwa dola 3. Mwaka huo kampuni ya Bullion Beck ilishusha ujira hadi 2.50, wafanyakazi wakagoma, wakashindwa. Bei ya madini ya fedha ilikuwa imeporomoka na nchi nzima ikaingia kwenye mdororo. Kwa maana hiyo Knight aliongeza senti 25 juu ya kiwango ambacho miaka mitatu kabla kilikuwa kimekatwa senti 50. Alirudisha nusu. Nusu hiyo aliirudisha kwa hiari, na wenye migodi wenzake hawakuifurahia. Lakini mtu aliyegoma mwaka 1893 angesema kwamba kile kinachoitwa ukarimu kilikuwa nusu ya haki yake, na mimi siwezi kumbishia.

Hapa ndipo nadhani tunakosea tunapowasoma matajiri wema. Tunawaweka upande mmoja na sheria na vyama vya wafanyakazi upande mwingine, kisha tunachagua. Mwaka uleule wa 1896 Utah ilipitisha sheria ya saa nane kwa wachimbaji wa chini ya ardhi, na mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Holden dhidi ya Hardy, ikaithibitisha. Sheria ile ililinda saa za mchimbaji yeyote, awe wa Mjomba Jesse au wa bwana mkatili zaidi milimani. Jumapili ya Knight ililinda watu wa Knight. Mchimbaji aliyekuwa na vyote viwili alikuwa na nafuu, na nafuu ya kwanza ndiyo ambayo isingezikwa pamoja na aliyeitoa.

Kando ya migodi alijenga mji, Knightsville. Ulikuwa na nyumba, mabweni ya makapera, ukumbi wa burudani, mahali pa ibada, na hapakuwa na kilabu cha pombe hata kimoja. Kwa kambi ya wachimbaji ya Magharibi ya Marekani enzi zile hilo lilikuwa jambo la ajabu. Alipoomba shule kwa halmashauri ya elimu aliambiwa watoto hawatoshi kufikia idadi inayotakiwa. Akamtafuta mfanyakazi mwenye watoto wanane, akamhamishia Knightsville, hesabu ikatimia, shule ikaja. Naipenda sana habari hiyo. Inamwonyesha mtu aliyejua kwamba kikwazo cha kanuni huvukwa kwa kuijaza kanuni.

Lakini mji wa kampuni ni mji wa kampuni. Anayekuajiri ndiye mwenye nyumba unayolala, na ndiye anayeamua kama utakunywa glasi moja Jumamosi jioni. Wanawake wengi wa Knightsville, nadhani, walishukuru kwamba mshahara ulifika nyumbani mzima, na shukrani yao ina uzito kuliko falsafa yangu. Hata hivyo, wema unaotoka kwa mtu mmoja humfanya mwingine aishi kwa kuangalia uso wa mtu huyo. Mgodi ulipokwisha, mji nao ulikwisha. Katika miaka ya 1920 nyumba zilibomolewa au kuhamishwa, na kinachoonekana leo ni msingi wa ile shule.

Kuhusu kanisa, Knight alitimiza alichomwambia mwanawe. Hali ilikuwa mbaya kweli. Sheria ya Edmunds-Tucker ya 1887, iliyolenga ndoa za mitala, ilivunja kanisa kisheria na kuiruhusu serikali itwae mali zake. Waumini wengi waliacha kutoa fungu la kumi, wakiona linaishia mikononi mwa serikali. Mdororo wa 1893 ukamalizia. Kufikia mwaka 1898 kanisa lilikuwa na deni la zaidi ya dola milioni 1. Fungu la kumi la Knight, na pesa alizotoa viongozi walipobanwa na wadai, vilifika wakati muafaka.

Ila nakataa ile simulizi ya kwamba tajiri mmoja aliliokoa kanisa. Mwaka 1899 rais wa kanisa, Lorenzo Snow, alikwenda mji wa St. George, wakati wa ukame, akawaambia wakulima waliokauka kama mashamba yao warudi kulipa fungu la kumi. Walirudi. Mayai, nyasi kavu, nafaka, ndama. Deni lilimalizika mwaka 1907. Jina la Knight lilibaki kwa sababu kiasi chake kilikuwa kikubwa na cha kusimulika. Waliolipa kwa mayai walikuwa maelfu na hakuna jengo lenye majina yao. Knight mwenyewe, nadhani, angekubaliana nami. Alikuwa akisema dunia ni benki ya Bwana, na hakuna mtu mwenye haki ya kuchota humo akazifuja kwa anasa zake mwenyewe. Mtu anayesema hivyo hajioni mwokozi. Anajiona karani.

Chuo ndicho kilichofaidika kwa muda mrefu zaidi. Brigham Young Academy, iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Brigham Young, ilikuwa shule yenye madeni, walimu wakipokea mishahara pungufu. Knight aliingia kwenye bodi yake mwaka 1901 na akabaki humo hadi kufa. Alilipa madeni, alisaidia kupatikana kwa ardhi ya kilimani ambako chuo kipo sasa, na alichangia kwa kiasi kikubwa jengo la Maeser lililokamilika mwaka 1911. Nyumbani kwake elimu haikuwa ya wavulana peke yao. Binti yake Inez, pamoja na rafiki yake Jennie Brimhall, ndio wanawake wa kwanza wasioolewa kutumwa na kanisa hilo kama wamisionari rasmi, mwaka 1898, kwenda Uingereza. Jennie baadaye aliolewa na William, yule kijana wa Humbug.

Sehemu nyingine ya mali aliizungusha kwenye biashara ambazo mtu wa hesabu kali asingezigusa. Aliona gharama za kuyeyusha madini zinawanyonya wachimbaji, akajenga kiwanda chake cha kuyeyushia huko Silver City, kikaanza mwaka 1908. Washindani wakashusha bei, na baada ya muda mfupi kikafungwa. Yeye alipata hasara, wachimbaji wote wa Tintic wakapata bei nafuu. Mwaka 1910 alifufua kiwanda cha sufu cha Provo kilichokuwa kimelala. Mwaka 1912 akafungua machimbo ya makaa ya mawe huko Spring Canyon. Lengo alilolitaja mara kwa mara lilikuwa kuwapatia watu kazi. Upande huu wa Knight unanigusa kuliko hundi za chuo, kwa sababu anayetoa sadaka hupewa shukrani papo hapo, na anayepoteza mtaji katika kiwanda huchekwa.

Nilisema nitairudia ile sauti ya mlimani. Nchi hii ipo kwa ajili ya Wamormoni. Tintic ni jina la mtu. Alikuwa kiongozi wa Ute, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na mwaka 1856, ng'ombe wa walowezi walipokuwa wakimaliza malisho na watu wake wakifa njaa, mapigano yaliyotokea yaliitwa kwa jina lake. Miaka arobaini baadaye mwana wa wakimbizi, ambaye ukoo wake ulifukuzwa mara tatu kutoka kwenye ardhi yake, alisimama juu ya milima ya mtu huyo, akasikia kwamba ni yake. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuwaona watu wa Tintic. Na halikuwa tukio la mara moja: mradi wake wa umwagiliaji wa Blue Bench, katika wilaya ya Duchesne, ulikuwa kwenye ardhi iliyokuwa hifadhi ya Ute hadi serikali ilipoifungua kwa walowezi mwaka 1905.

Pia sisi tunaosoma haya kwa Kiswahili tuna sababu ya kutopita kimya. Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho leo lina waumini Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi, nao hutoa fungu la kumi lilelile alilolitoa Knight. Katika sehemu kubwa ya maisha ya Knight mwanamume Mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Katazo liliwekwa mwaka 1852 na likaondolewa mwaka 1978. Amana aliyoisimamia Knight ilikuwa na orodha ya warithi, na babu zetu hawakuwamo. Hilo halifuti senti 25 wala shule ya Knightsville. Linaonyesha kwamba imani iliyomfungua mkono ndiyo iliyomwekea pia wa kumfungulia, na anayemsifu kwa la kwanza hana budi kulitaja la pili.

Jambo la mwisho liko Kanada. Mwaka 1901 Knight alinunua ardhi kubwa kusini mwa Alberta, akaahidi kujenga kiwanda cha sukari, na mji ukaanzishwa kwa jina la mwanawe Raymond. Hati za viwanja zilikataza pombe na kamari. Kiwanda kilianza mwaka 1903. Mashamba ya viazisukari yalihitaji mikono, na waliokuja baadaye kuyafanyia kazi walikuwemo Wajapani, watu ambao hakuna sauti ya mlimani iliyowataja. Walikaa, wakazaa, na mwaka 1929, miaka minane baada ya Knight kufariki Provo tarehe 14 Machi 1921, walinunua jengo la zamani la Wamormoni hapo Raymond wakalifanya hekalu la Kibuddha, la kwanza katika jimbo lile.